Shujaa wa Sweta Iliyotoboka

Shule ya binti yangu, huko mtaa wa kitajiri wa Spring Valley, ina siku ya watoto kuvaa kama wahusika wa vitabu wanavyovipenda. Wazazi wenzangu walikodi mabawa na mapanga ya plastiki mjini. Binti yangu alitaka kuwa yule mvulana wa kitabu chake cha mazimwi, anayevua koti lake na kulifunika zimwi, kwa kuwa ni yeye pekee aliyegundua kwamba linanguruma kwa sababu ya baridi. Kuanzia hapo mvulana hutembea na sweta iliyotoboka viwiko. Basi tukatoa sweta kuukuu, tukaenda.

Getini mwalimu alimkagua juu hadi chini, kisha akanigeukia kwa sauti ya matanga. "Pole, mama. Si ungetuambia tu?" Kabla sijajibu, alishamvika taji la binti mfalme kutoka kwenye sanduku la shule.

Nilichemka. Nilimwambia huyu ni shujaa, si mtoto aliyekosa nguo. Akanitabasamia vile watu humtabasamia mtu anayeficha shida zake.

Jioni nilimkuta binti yangu bila taji. Alikuwa amempa mwenzake aliyelia baada ya mabawa yake kuvunjika. Mwalimu alikuwa amekunja uso.

"Mama, mfundishe mtoto kushukuru. Tumempa taji, akaligawa!"

Na zawadi ya aliyemwigiza mhusika wake vizuri kuliko wote? Walimpa yule mwenye taji.