Panga Langu Redioni

Mjukuu wangu ni mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Naliandika hilo kwanza kwa sababu nimelima maharage kumsomesha, na sitaki mtu alisahau. Mimi niliishia darasa la nne.

Mwaka ule migomba ya kwetu Mbuba ilikuwa inanyauka, ndizi zinageuka manjano kabla ya kukomaa na ndani zimeoza. Yeye na wenzake wakaitwa Ngara mjini kufundishwa namna ya kuongea na wananchi redioni. Akarudi kufanyia mazoezi jikoni kwangu, kashika mwiko kama kipaza sauti.

"Maambukizi ya bakteria husambazwa na zana zisizotakaswa. Bibi, umeelewa?"

"Nimeelewa kwamba umesoma."

Akacheka. "Hata mwalimu wetu kaniambia hivyo. Anataka niache maneno ya darasani, nitoe kisa cha mtu mmoja."

Kwa ujinga wangu nikampa kisa. Jirani yangu alipofiwa na mume, wanawake tulikwenda kama kawaida, kila mmoja na panga lake, kukata ndizi shambani mwake za kupikia waombolezaji. Asubuhi ile nilikuwa nimekata mgomba mgonjwa kwangu. Panga nililifuta kwa jani tu. Baada ya miezi michache shamba lake likakauka. Mpaka leo anasema kuna mtu kalichezea.

Mjukuu akaweka mwiko chini. "Bibi, hicho ndicho kisa chenyewe. Sitakutaja jina."

"Mbuba nzima wanajua sauti yako ni ya mjukuu wa nani! Na kikongwe mwenye macho mekundu ya moshi, akiharibu shamba la mjane, unajua anaitwa nani?"

Anajua. Nikamwapisha asikiseme.

Siku ya kipindi jirani yule mjane akaja kusikiliza kwangu, redio yake haina betri. Sikuweza kumfukuza. Tulikaa kando ya moto, goti kwa goti.

Mjukuu akaanza: bakteria, zana, kutakasa. Jirani akapiga miayo. "Huyu mtoto wako anahutubia maprofesa?"

Mtangazaji akamwomba atoe mfano. Nilimsikia anavuta pumzi. Mfano alikuwa nao mmoja tu, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Mtangazaji akakohoa, akataja namba ya simu ya wasikilizaji.

Namba hiyo mjukuu alikuwa ameibandika ukutani ili nipige nimsifu. Nikachukua simu, nikakosea namba mara mbili.

"Mimi ni bibi yake," nikasema. Jirani akageuka kunitazama. Nikaeleza yote, mgomba mgonjwa, msiba, lile jani. "Sikujua. Shamba la mwenzangu limekufa kwa panga langu, si kwa uchawi. Chomeni mapanga motoni kabla ya kukata."

Nilipokata simu, jirani alikuwa ameshasimama. Akatoka. Redioni mjukuu alikuwa anaongea sasa, wazi kabisa, kama anavyoongea na mimi, lakini masikio yangu yalikuwa nje. Nyayo zilikuwa zinarudi, za haraka.

Akaingia ameshika panga. Nikaita jina la Bikira Maria, nikafumba macho.

"Sogea," akasema.

Akalisukuma panga kwenye makaa yangu, akakaa palepale alipokuwa.

"Na lako," akasema, "liko wapi?"