Guisla wa Rocaverd, Mlinzi wa Mlango wa Nyuma

Alizaliwa mwaka 1229 katika ngome ya Rocaverd, chini ya milima ya Pirenei, binti wa Arnau mwashi na mkewe Sança. Arnau ndiye aliyejenga mlango wa siri wa upande wa kaskazini, nyuma ya nguzo ya ukuta, mwembamba kiasi kwamba mtu hupita kwa kujipinda. Aliyesimama nje aliona mawe matupu. Guisla alipofiwa na mumewe, Bwana Oliba wa ngome alimkabidhi ufunguo, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye kifua cha kutunza siri. Akautumia kwa jambo moja tu: kutoka alfajiri na kuwawekea wakoma wa bondeni mkate wa shayiri juu ya jiwe. Wao walisema umeletwa na malaika, naye hakuwasahihisha.

Mwaka 1271 Bwana Dalmau, hasimu wa Oliba, aliizingira ngome. Chakula kilipopungua, Oliba aliamuru wazee, wagonjwa na wanawake wenye watoto wachanga watolewe nje kwa lango kuu.

“Bwana, hawa ni watu wako,” Guisla alimwambia.

“Najua, mama. Lakini nimlishe nani, mpiga upinde au kikongwe?”

“Basi nihesabu na mimi kuwa kikongwe.” Akamwekea ufunguo mkononi, akatoka pamoja nao.

Dalmau hakuwaruhusu kupita. Wakabaki mteremkoni kati ya ukuta na majeshi, mvua ikiwanyeshea, wakila majani. Alipopata fununu kwamba Guisla aliwahi kushika ufunguo wa mlango uliofichwa, alimwita kwa sauti kutoka chini. “Nionyeshe ulipo, na wote hawa watakwenda zao leo hii.”

Guisla alinyamaza. Elisenda, mke wa mhunzi, aliyekuwa na mtoto kifuani, akamshika mabega na kumtikisa. “Sema, we mama! Siri itamfaa nini maiti?”

“Mumeo yumo ndani, mwanangu, na binti yako mkubwa. Hawa wakiingia na mapanga, wao watatokea wapi?”

Elisenda akamtemea mate. Guisla alijifuta, akamvua mtoto nguo zilizolowa na kumfunika kwa joho lake. Inasimuliwa kwamba alilia siku ile, kwa maana hakuwa na hakika kama alitenda sawa. Baada ya hapo homa ilimshika.

Askari waliokuwa ukutani walisikia yote, wakamweleza Oliba. Asubuhi moja ukungu ulitanda upande wa kaskazini peke yake, huku pande nyingine kukiwa kweupe. Nao waliokuwepo waliuhesabu kuwa muujiza. Oliba mwenyewe aliufungua mlango, akawaita watu kwa majina, kwa sauti ya chini. Wakaingia mmoja mmoja. Elisenda alimbeba Guisla mgongoni, naye mgonjwa akakata roho kizingitini. Theluji ilipoanguka, Dalmau aliondoka bila kuiteka ngome.

Elisenda aliishi miaka mingi. Alipoulizwa habari za mtakatifu huyo, alikuwa akijibu: “Nilimlaani, na mwanangu kavaa joho lake.”

Oliba aliamuru mlango ule usifungwe tena. Ngome sasa ni magofu, lakini wajawazito wa bondeni bado hujipinda pale kuomba uzazi salama, na wengi hushuhudia kwamba wamesaidiwa. Wengi hujua kutunza siri wakiwa wameshiba na wana paa juu ya kichwa. Anayetaka kumwiga Guisla na atoke kwanza, akalowane pamoja na wale ambao kimya chake kinawagharimu.