Maji Yenye Povu Kuliko Yote

Nikisikia harufu ya sabuni ya mche iliyolowana, ile ya kufulia inayokatwa vipande dukani, ulimi wangu huenda wenyewe kwenye meno ya mbele. Huyapapasa, hukuta vishimo vyake, kisha hurudi mahali pake. Wengine sabuni huwakumbusha nguo za sikukuu. Mimi hunikumbusha chupa tatu, mdogo wangu Amsi, na kazi ya mwaka mzima ambayo mpaka leo nikiifikiria naudhika.

Tulikaa uwanda wa chini, upande wa Hanang, mahali ambapo ziwa la chumvi hung'aa kwa mbali kama bati jipya. Wazazi wetu walitoka juu, Maretadu, wakashuka kutafuta shamba. Mimi nilizaliwa kule chini, na Amsi akazaliwa kule chini miaka mitano baadaye. Kuzaliwa chini kulikuwa na alama yake. Meno yangu ya utu uzima yalikuwa na mistari ya kahawia iliyopita katikati, na mengine yalikuwa na vishimo kana kwamba yametobolewa kwa sindano. Kijijini kwetu hakuna aliyenicheka, maana watoto karibu wote tulifanana. Waliocheka ni binamu zangu wa Maretadu, tulipopanda kuwasalimia.

"Vero, umekula kutu?"

"Muulizeni kama huko kwao wanatafuna misumari."

Nilijifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Jaribuni, mtaona si rahisi.

Kisha akaja mwalimu mpya, mgeni wa mkoa wa mbali. Kila Jumatatu alikagua usafi: kucha, nywele, kola, meno. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu akaniambia nifungue mdomo.

"Wewe, mswaki huujui?"

"Napiga mswaki, mwalimu."

"Unapiga mswaki au unapiga ngoma?"

Darasa likacheka, hata wale wenye meno kama yangu. Akatutoa nje tulio wengi, tukasugua meno kwa mkaa na mchanga mpaka kengele ilipolia. Fizi zilitoka damu. Rangi haikutoka. Jumatatu iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena.

Yangu niliyakatia tamaa. Lakini Amsi alikuwa na miaka sita. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe kabisa, na moja la chini lilianza kulegea. Mwaka uliofuata angeingia darasa la kwanza. Nilijiambia kwamba meno yake mapya yatatoka meupe, na hakuna mtu atakayempeleka nje na mchanga mdomoni. Nilitaka hilo kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa na daftari.

Nilianza kwa kulinganisha. Bibi wa Maretadu alikuwa na meno meupe, na alikula tulichokula sisi: ugali, makande, mboga, maziwa. Tofauti niliyoiona ni maji. Hapo sikukosea, na ndiyo maana nikajiamini kupita kiasi.

Kwanza nilichuja maji ya pampu ya shule, tuliyokunywa kijiji kizima, kwa kanga ya mama iliyokunjwa mara nne. Kwenye kitambaa sikupata hata chembe ya uchafu. Nikayachemsha, tena kwa muda mrefu, mpaka sufuria ikabaki nusu, nikidhani kinachopungua ni ubaya. Mama aliingia jikoni akaona kuni.

"Vero, unapika pombe?"

"Nachemsha maji ya Amsi, mama."

"Maji gani yanayochemka tangu asubuhi? Hizo kuni umezileta wewe?"

Ukawa mwisho wa kuchemsha. Ndipo nikabuni jaribio. Nilitafuta chupa tatu zinazolingana. Ya kwanza nilitia maji ya chemchemi iliyotoka kwenye korongo la mawe meupe, ya pili maji ya pampu ya shule, ya tatu maji ya kisima cha Mama Gida, mama wa Kidatoga aliyenyweshea ng'ombe wake karibu na ziwa. Kila chupa niliitia kipande cha sabuni kikubwa kama punje ya harage, nikatikisa mara thelathini, nikapima povu kwa vidole.

Kwa nini sabuni? Kwa sababu wanawake wa kwetu walipima maji hivyo. Maji mazuri ni yale yanayopokea sabuni, walisema. Anayefua anajua.

Chemchemi ilinisikitisha. Povu lilikuwa jembamba, likazimika mara moja, na juu yakaelea mabonge ya kijivu kama maziwa yaliyoharibika. Pampu ilitoa povu la vidole viwili. Maji ya Mama Gida yalijaa povu mpaka shingoni, likasukuma kizibo, likanimwagikia mikononi. Sikuwa nimewahi kuona povu zuri kama lile. Nikaandika kwenye daftari: Maji safi kuliko yote ni ya Mama Gida. Nikapigia mstari kwa rula.

Kisima kilikuwa mbali, zaidi ya saa moja kwenda, na kurudi na dumu kichwani ni habari nyingine. Siku ya kwanza Mama Gida alinitazama toka miguuni mpaka kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pampu yenu imekufa?"

"Haijafa."

"Sasa unafuata nini huku?"

"Maji safi ya mdogo wangu."

Akacheka, akawaita wanawe waje wasikie. "Huyu maji ya ng'ombe anayaita safi! Mtoto, haya yana chumvi. Ng'ombe ndio wanayapenda. Sisi tunakunywa kwa sababu ndiyo yapo."

Nikajibu kwamba ng'ombe hapendi maji mabaya.

"Haya, chota. Ukianza kutoa maziwa uje uniambie."

Watoto wake walicheka pamoja naye, na nikaona meno yao. Yalikuwa ya kahawia kuliko yangu, mengine yamemeguka ncha. Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu, hatua tatu tu, unanicheka. Na mimi niliyesuguliwa fizi kila Jumatatu kwa kosa nisilolifanya, mnajua niliwaza nini? Niliwaza: hawa hawapigi mswaki.

Nikachota nikaondoka.

Kuanzia siku hiyo Amsi alikunywa maji ya dumu dogo la njano tu. Nilimwekea kichupa cha kubeba alikokwenda, na nilimwapisha asiguse pampu. Nilikwenda kisimani kila siku ya pili baada ya shule, na kila mara niliandika.

"Dada, haya maji yanateleza."

"Kunywa."

"Yana ladha ya majivu."

"Dawa tamu umeiona wapi? Kunywa."

Akanywa. Alikuwa mtoto mtiifu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jino la kwanza liling'oka, tukalitupa juu ya paa, na kila asubuhi nilimsimamisha mlangoni penye mwanga nikatazama pengo. Jipya lilipochomoza, ncha yake ilikuwa nyeupe. Nilipiga kelele mpaka mama akadhani kuna nyoka. Likaja la pili, jeupe. La tatu, jeupe. Nikamwonyesha kila aliyepita njiani kana kwamba namuuza. Mama mwenyewe, aliyekuwa akilalamika kwamba nimeacha kumsaidia palizi kwa ajili ya kubeba maji, alimfungua mdomo akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Basi, mwanangu, chota."

Yalikuwa meupe mno, kama chokaa ya ukutani, bila mng'ao wowote. Niliona hivyo, nikaandika "meupe sana," wala sikujiuliza zaidi.

Amsi akaingia darasa la kwanza. Jumatatu za mwanzo mwalimu alimpita. Niliangalia kutoka mstari wetu na kifua kikajaa. Kisha, baada ya miezi kadhaa, nikaona mstari kwenye jino lake la mbele. Ulikuwa mwembamba kama unywele, wa rangi ya chai. Niliusugua kwa kidole, kwa kitambaa, mwishoni kwa chumvi. Haukutoka. Ukaongezeka upana, ukafuata kwenye jino la pili, na Jumatatu moja nikamwona mdogo wangu anaitwa mbele, anatolewa nje, anachuchumaa kando ya ukuta na kiganja cha mchanga.

Tulipofika nyumbani nilimshika bega.

"Umekunywa pampu."

"Sijakunywa, dada."

"Muongo! Umekunywa!"

Nikampiga kofi. Nilikuwa nalia, na kamasi zinanitoka, sikumbuki kama niliwahi kuwa na hasira vile kabla ya hapo. Mwaka mzima wa dumu kichwani! Akanitazama nilivyokuwa nalia.

"Nilikunywa," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja au nyingi?"

"Nyingi."

Nikachukua daftari nikaandika mbele yake: Amsi alikunywa pampu, mara nyingi. Jaribio limeharibika. Nililaza dumu la njano nyuma ya nyumba na sikwenda tena kisimani. Kwa muda mrefu sikumsemesha vizuri.

Niliishia darasa la saba, nikawa fundi cherehani. Miaka mingi baadaye nilihamia mjini Katesh, na duka nililonunulia sukari lilifungia bidhaa kwa kurasa za vitabu vya zamani. Siku moja sukari yangu ilifungwa kwa ukurasa wenye mchoro wa chupa tatu. Nikarudi mbio kumwomba mwenye duka kitabu chote kabla hakijaisha. Kilikuwa cha kemia, cha Kiingereza, kimebaki nusu. Nilikisoma kwa kamusi, sentensi mbili au tatu kwa siku, baada ya kufunga cherehani. Nikatafuta vingine. Nimesoma hivyo zaidi ya miaka kumi, na sitawachosha. Nitawaambia lile tu linalohusu povu.

Chumvi ikiyeyuka majini haibaki chumvi. Hugawanyika vipande vidogo sana vyenye chaji, vinavyoitwa ioni, na kila ioni hutembea peke yake kati ya maji. Ndiyo maana kanga haikukamata kitu: hakuna kitambaa chenye tundu dogo vile. Ndiyo maana kuchemsha kuliharibu: maji yaliondoka kama mvuke, ioni zikabaki, zikajaa zaidi katika kile kidogo nilichompa mtoto. Kinachochafua meno ya uwandani kinaitwa floridi. Kidogo hufaa, kingi hutoboa.

Sasa sabuni. Chemchemi ya mawe meupe ilikuwa na ioni nyingi za kalsiamu. Kalsiamu ilikamatana na sabuni ikawa yale mabonge ya kijivu, povu likafa. Lakini kalsiamu hiyo hiyo hukamatana na floridi pia, sehemu ya floridi ikatuama kama punje ngumu, ikaacha kuelea huru. Maji ya Mama Gida yalijaa sodiamu, ioni ya magadi, na kalsiamu kidogo mno. Hapakuwa na wa kuzuia sabuni, hapakuwa na wa kushika floridi. Povu lile zuri lilikuwa linanionyesha maji mabaya kuliko yote matatu, nami nikayapigia mstari kwa rula. Chemchemi niliyoidharau ilikuwa nusu saa tu kutoka nyumbani, tena njia ya kivuli.

Na hata ningechagua chemchemi, ningekuwa nimechelewa. Meno ya mbele ya mtu mzima hutengenezwa ndani ya taya mtoto akiwa bado ananyonya na miaka michache inayofuata. Alipofika miaka sita, meno ya Amsi yalikuwa yamekwisha kuundwa, yamekaa chini ya fizi, yanangoja zamu. Ule weupe wa chokaa ndio ugonjwa wenyewe, kabla haujashika rangi. Nilishangilia jeraha.

Nilipoyaelewa haya nilimwita Amsi. Ni seremala sasa, baba wa watoto wawili. Nilimchorea kwa chaki ya kukatia nguo juu ya meza yangu: kalsiamu hapa, floridi pale, sabuni katikati. Alisikiliza kwa heshima, akaniuliza watoto wake wanywe maji gani, nikamwambia. Kisha nikasema nilichomwitia: nisamehe, hata kama ulikunywa pampu haikuwa na maana yoyote, pampu ilikuwa na nafuu kuliko nilichokupa.

"Lakini dada," akasema, "mimi pampu sikunywa."

"Ulisema ulikunywa. Mara nyingi."

"Ulikuwa unalia. Nilidhani ukipata jibu utanyamaza."

Alisema hivyo bila kinyongo, akachukua kofia yake, maana mteja alikuwa anamngoja. Mimi nilibaki na michoro yangu. Vitabu vilinichukua zaidi ya miaka kumi kunieleza maji, na nashukuru. Ila hakuna mahali katika vitabu hivyo palipoandikwa kwamba mtoto wa miaka saba, kiu ya mwaka mzima mdomoni na kofi shavuni, anaweza kujibebesha kosa ili dada yake apumzike. Daftari lile lilikwisha kupotea. Laiti ningelipata, ningefuta ule mstari mmoja wa Amsi na pampu, niliouandika bila hata chembe ya wasiwasi.