Kifungo cha Shati

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, na bado mwaka wa tisini na tatu nilimnyonga Selpher, na haki yake nikaibeba mimi. Nasema mapema, msije mkaniona mtu mwema nikianza kumsifu.

Selpher aliuza vifungo na zipu katika duka la Mama Chandrika, Biashara Street. Mimi nilikuwa fundi wa nguo Riruta, nashona yunifomu za shule, kwa hivyo tulijuana kwenye kaunta kabla ya kujuana jukwaani. Ukimwonyesha kitambaa hakuulizi kitu. Anakitazama, anatia mkono katika kopo moja kati ya yale makopo mia, anakutolea kile hasa ulichokuwa unataka. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, viatu safi siku zote. Mimi ndiye niliyemleta kwenye kikundi chetu cha maigizo, na kwa hilo pia msinisifu. Nilitaka mtu wa kunikumbusha maneno.

Tulikuwa watu wanane, mwelekezi wetu Macharia, mazoezi jioni katika ukumbi wa kanisa karibu na River Road. Mfadhili hatukuwa naye. Selpher tulimweka nyuma ya pazia na daftari. Ukisahau, anakunong'oneza. Tukamwita Pembeni. "Pembeni, niko wapi?" Na ule mnong'ono wake, jamani, sijui aliutengeneza vipi: ulikufikia wewe peke yako, waliokaa safu ya kwanza hawasikii chochote. Kwa miaka mitano alijua maneno ya kila mtu, hata ya yule polisi anayeingia mara moja tu. Sikumbuki akiomba kucheza. Au pengine aliomba, mimi sikusikiliza.

Mwaka huo tukaigiza mchezo wa Macharia kuhusu mama ambaye mwanawe amefungwa jela miaka saba. Mwishoni askari anamletea zile nguo kijana alizovuliwa. Daftari lilisema: Mama analia. Woi, nilivyolia! Nililia mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Watu wakapiga makofi, nami nikajiona nimefika.

Kisha nikaona bango. Jina langu la tatu, chini ya jina la polisi.

"Macharia," nikamwambia mbele ya wote, "mama ni mimi. Bila mimi huna mchezo. Hiki nini?"

"Nitachapisha karatasi zingine, Mbithe. Tulia."

Sikutulia. Alhamisi iliyofuata nikasusa, nikakaa nyumbani nachambua maharagwe. Nilitaka onyesho liharibike ndio wanijue. Haki ya Mungu, nilitaka hivyo.

Halikuharibika. Selpher alivaa leso yangu na miwani ya mama, akaingia. Macharia naye alikuwa ametimiza ahadi: karatasi mpya walizopewa watu mlangoni zilikuwa na jina langu juu kabisa, kwa herufi kubwa. Na waamuzi wa tuzo za jukwaa, ambao huja bila kujitambulisha, walikuwa wameketi safu ya nne.

Ijumaa nikarudi, nikauliza kama watu walijaa. Sikuuliza Selpher alicheza vipi. Laiti ningeuliza hilo tu.

Baada ya miezi mitatu barua ikaja. Mwigizaji bora wa kike: Mbithe Musembi. Na tarehe ya onyesho walilotazama imeandikwa pale, ile Alhamisi. Macharia aliiona, nami nikaiona.

"Karatasi ilikuwa na jina lako," akasema bila kunitazama. "Tukianza kusahihisha watasema sisi ni matapeli, watunyang'anye yote."

Nikalimeza neno hilo haraka kama dawa chungu. Selpher alikuwa pale pale, anakunja pazia. Akasema, "Hongera, Mbithe." Basi. Nami nikaitikia asante, macho makavu kabisa.

Sherehe ilifanyika katika hoteli moja Westlands. Nilijishonea gauni la zambarau. Na sikilizeni nilivyokuwa: nilimwomba Selpher akae mbele karibu na jukwaa, nikisahau shukrani zangu anisaidie. Akakubali. Alikuja na vile viatu vyake safi.

Jina likatajwa, nikapanda, nikapewa ngao ya mbao yenye bati la dhahabu. Mwamuzi mkuu, mzee wa miwani, akanipa maiki.

"Sisi tulishindwa na kile kifungo," akasema. "Tuambie, dada. Wazo la kifungo ulilitoa wapi?"

Mimi nikadhani anazungumzia jela. Nikapanua kifua. "Kifungo ni kitu kibaya," nikasema. "Miaka saba ni mingi kwa kijana mdogo. Mama yeyote angelia."

Mzee akakunja uso. "Lakini wewe hukulia."

Sikuwa najua kilichotokea usiku ule. Nilikuwa nimesimama pale na tuzo ya kitu nisichokijua! Ndipo ule mnong'ono ukanifikia, mimi peke yangu.

"Cha shati. Kimoja hakikuwepo. Nilikuwa nakitafuta."

"Cha shati," nikarudia. "Kimoja hakikuwepo. Nilikuwa nakitafuta."

"Naam!" Mzee akawageukia watu. Akawaeleza jinsi mama alivyolitandaza lile shati magotini, akafunga vifungo kimoja kimoja, polepole, kama anamvisha mtoto wa shule. Alipofika cha nne akakuta uzi mtupu. Hakupiga ukelele. Alipiga magoti akaanza kukitafuta sakafuni, akaendelea kukitafuta hata askari alipoondoka, mpaka taa zikazimwa.

Watu wakasimama kupiga makofi. Mimi fundi wa nguo, mtu wa vifungo, nikajifunza hapo jinsi nilivyoshinda. Nilimtazama Selpher. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine. Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikasema, "Asanteni sana," nikashuka.

Hakurudi tena nyuma ya pazia. Hakugombana na mtu, alisema tu kazi imekuwa nyingi. Nasi tukazidi kusahau maneno, nami nikawa nageuza uso pembeni na kukuta pazia tupu. Mwaka wa tisini na tano nikasikia ameacha kazi mjini, amefungua kibanda chake cha vifungo soko la Kawangware. Ni mwendo wa miguu kutoka kwangu, na bado nilimaliza mwaka mzima kabla ya kwenda.

Nilikwenda na ile ngao, nimeizungushia gazeti. Nikaiweka kati ya makopo yake.

"Ni yako," nikasema.

Akafungua gazeti, akasoma. "Imeandikwa Mbithe. Mimi nitafanya nini na jina lako?"

"Nitaenda kwa waamuzi. Nitawaambia ukweli."

Akanitazama vile anavyotazama kitambaa. Hasira hakuwa nayo, na afadhali angekuwa nayo.

"Mimi nilikupa maneno uliyosahau, kama siku zote," akasema. "Hayo mengine hukuwa umeyasahau. Na maiki ulikuwa nayo wewe."

Nilitamani aninong'onezee kitu, chochote, lakini alikuwa ananingoja mimi niseme.

"Nipe dazeni mbili," nikasema. "Vyeupe, vya shati."

Akahesabu ishirini na nne, akafunga katika karatasi. Kisha akaifungua tena, akaongeza kimoja.

"Kimoja hupotea," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Nikaichukua ngao yangu, nikaitia kwapani, nikarudi nayo Riruta.