Mwanangu Aliyekataa Kwenda Kambini

Kiangazi kile timu ya mwanangu ilikuwa kwenye kambi ya mazoezi Amerika, na yeye alikuwa nyumbani kwetu Tottenham anakula mikate ya kumimina. Wako ndugu mpaka leo wanaodhani nilijikaza kisabuni tu. Sikujikaza. Nilikuwa najivuna, na nilipita barabara yetu ya High Road kifua mbele.

Mimi nililetwa London mdogo, wazee wangu walipohama Unguja baada ya Mapinduzi. Yeye kazaliwa hapa hapa, akarefuka na kupanuka mpaka sofa ikawa inamlalamikia. Akaupenda mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuvaa. Kwanza aliucheza kwenye matope ya hapa, kisha Wamarekani wenyewe wakamwona wakamchukua. Kazi yake ilikuwa kumwangusha mrusha mpira wa upande wa pili, na aliifanya vizuri hata majirani wasioujua mchezo wakajifunza kwa ajili yake. Kisha goti likaanza kumsumbua.

Hapo ndipo aliponieleza mkataba wake, tumekaa jikoni na chai ya tangawizi.

"Mama, mimi siwezi kuwaacha, nimesaini," alisema. "Lakini wao wanaweza kuniacha any morning."

Nilimwambia arudie, nikidhani sijasikia sawasawa. Akarudia pole pole. Yeye amefungwa kwa miaka kadhaa, hawezi kuchezea timu nyingine, na asipokwenda kambini anatozwa faini kila siku. Wao wakiona goti limekwisha, wanamfuta, na mshahara wa miaka iliyobaki unafutika pamoja naye. Alichotaka ni ahadi moja iandikwe: akiumia kazini, walipe mpaka mwisho wa mkataba. Wamekataa, naye kakataa kwenda. Wakala wake kamwambia atulie, asimpigie mtu simu, maana wachezaji wa kule hugoma hivyo, na anayeanza kubembeleza ndiye anayeshindwa.

Mimi nilielewa mara moja. Mume wangu ndiye aliyeshindwa kula.

"Ahadi ni deni," alikuwa akisema. "Katia sahihi kwa mkono wake, hakushikiwa kisu."

Ni mtu wa dini, mtu wa neno lake, na msikitini walikuwa wakimwuliza mbona kijana anaonekana mitaani. Akaona haya. Na kwetu kijana akikosea haachwi peke yake, wazee hukusanyika wakaenda kumwombea radhi. Kwa hiyo Jumapili moja mashemeji zangu wawili wakaja kutoka Croydon, kanzu zimepigwa pasi, nyuso za msibani. Namba ya ofisi ya timu walikuwa wameshaitafuta. Walikuja kumpigia kocha simu, wamwombe radhi kwa niaba ya ukoo mzima.

Kijana alikuwa chumbani kwake, hana habari. Mimi nilijua simu ile ikipigwa tu, imekwisha. Timu itajua kwamba nyumba ya huyu inatetemeka, na ahadi yake haitoandikwa kamwe. Nikaliweka sinia la chai mezani kwa kishindo.

"Shemeji," nikamwambia mkubwa wao, "hebu nikuulize. Bwana harusi akija kuingia kwa mkewe, mlango unashikwa na nani?"

"Si nyinyi wanawake?"

"Na nikaha inakuwa imeshafungwa, au bado?"

"Imeshafungwa."

"Sasa mbona hatufungui?"

Akatazama kikombe chake. "Mpaka atoe pesa ya kifungua mlango."

"Haya. Na umepata kumwona baba wa bibi harusi akitoka nje kumwomba bwana harusi radhi, ati kwa sababu mlango umefungwa?"

Shemeji mdogo alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Mimi sikucheka. Nimeshika milango mingi katika mji huu, kwenye fleti na kwenye kumbi za kukodi, na hakuna bwana harusi hata mmoja aliyenipita mikono mitupu. Si ufidhuli ule. Ndiyo njia yetu ya kumwambia mtu kwamba anachokichukua kina wenyewe.

Lakini mkubwa alikuwa na akili zake. "Na bwana harusi akichoka, akageuka akaenda zake?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu siku ya kwanza. "Basi hakumtaka," nikasema. "Na ni bora tujue sasa."

Mume wangu alikuwa na simu mkononi, tayari kupiga. Mwisho akaitia mfukoni. "Kunyweni chai," akawaambia nduguze.

Tulingoja mpaka kambi ikakaribia kwisha. Kijana alikimbia peke yake bustanini kila asubuhi, faini zikapanda, na mie nikawa mkali kwa kila aliyenitupia jicho la huruma. Siku wakala alipopiga simu kusema imekubaliwa, akiumia watalipa, na ikaandikwa, nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Akaenda, akacheza. Katikati ya msimu mshipa wa goti ukakatika. Walimpasua, na kabla hajaacha magongo wakamfuta, kama alivyoniambia wangefanya. Nililia sana, maana alikuwa anaupenda mchezo ule na sasa umemponyoka.

Ijumaa yake ya kwanza nyumbani tulimsindikiza msikitini, yeye na magongo yake. Watu walipotoka, bwana mmoja alimshika mume wangu mkono, akashusha sauti. "Tumesikia, ndugu yangu. Pole sana. Kumbe kijana kafukuzwa?"

Mume wangu hakushusha yake. Alijibu mpaka wanaovaa viatu wakageuka.

"Kafukuzwa," alisema, "na wanamlipa!"