Alama ya Enzi za Changarawe

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kakuma, nikaambiwa yule muuza mikate wa baiskeli amefia kwenye mteremko. Nilibisha. Nilimwuliza dada yake, aliyepiga simu, mara mbili kama hajakosea mtu, maana mkimbizi huyo kutoka Sudan Kusini ndiye pekee niliyemjua anayepima kilima kabla ya kukiingia. Hadi sasa sijaamini.

Kwenye fremu ya baiskeli alilaza chupa ya plastiki yenye maji nusu, akaitia ubavuni alama ya rangi ya kucha, mstari kutoka mwisho hadi mwisho. Baiskeli ikiinama, maji hupanda upande mmoja. Yakiwa chini ya alama, unaendesha. Yakiifikia, unashuka, iwe unapanda au unateremka. Siku moja karibu na Lodwar tulikuwa tukiteremka, nikaona kilima cha mbele kimesimama kama ukuta, nikataka turudi. Akacheka. "Macho yako iko na uoga, mwalimu. Ukitoka kuteremka, kila kilima inaonekana mbaya. Ngoja maji iseme." Maji hayakuikaribia alama, nami nikapanda huku nikipiga soga. Tangu siku hiyo niliacha kuyaamini macho yangu, nikaiamini chupa yake.

Kwenye maziko dada yake alinionyesha chupa hiyo, nzima kabisa. "Wenzake waliona," akasema. "Maji ilikuwa chini ya alama, ndiyo akaachilia breki." Nilishtuka kuliko niliposikia habari za kifo. Chupa haikukosea. Alama ile aliichora enzi za changarawe, mchanga ukiyashika magurudumu. Sasa kuna lami. Mwinamo ni ule ule, ila hakuna tena cha kuizuia baiskeli yenye kreti za mikate. Sisi tulioshangilia lami, mimi nikiwa wa kwanza katika safu hii ya gazeti, hatukumwambia apime upya. Nina hakika wengi wetu, maofisini na madarasani, tunaishi kwa alama za namna hiyo, nalo jambo hilo linanitisha.

Dada yake ndiye atakayepeleka mikate sasa. Tuliiteremka lami ile kwa miguu, tukiisukuma baiskeli, kisha nikachora kwenye chupa alama mpya, chini kabisa. Akaitazama. "Mwalimu, hii sasa ni kutembea tu."

Nikamwambia atembee.