Zimwi la Nabintu, Saa Sita Mchana

Zihindula alikuwa zimwi kwa muda wote wa ndoa yake.

Mke wake, Nabintu, ndiye aliyesimulia hadithi. Zihindula alikaa pembeni kimya, na zamu ya zimwi ikifika, alinguruma. Kisha alitoka nje na kupiga ukuta kwa ngumi, watoto ndani wakipiga mayowe. Basi. Kazi yake iliishia hapo, naye aliipenda kuliko kuchonga mipini ya majembe, kazi iliyomlisha.

Vita ya pili ilipowatoa kwao Walungu, hawakubeba mengi, ila zimwi walikuja nalo mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mwaka 2001, mvua zilipokatika, malaria ikamchukua Nabintu. Zimwi likanyamaza. Mzee mwenyewe hakucheka tena.

Ndipo akaja Pascaline, mwanamke msomi wa Bukavu, mkimbizi naye, ila yeye aliishi mtaa wa Area 25 kule Lilongwe na kushona nguo. Kanisa lake lilikuwa linatengeneza kitabu cha hadithi za watoto. Alikuwa na redio ya kaseti begani, na alizungumza haraka haraka kama mtu anayechelewa.

"Iko za sungura, papa. Iko za mazimwi. Iko za wimbo. Na iko zile za kueleza kwa nini chura hana mkia. Kila moja naweka mu fungu yake."

"Munazichambua kama maharagwe?"

"Njo vile! Na chini ya kila moja tutaandika jina ya mutu alisimulia."

Zihindula akaacha kuchonga. Jina la Nabintu kitabuni! Kule kaburini lilikuwa kwenye kibao cha mti, na mchwa walikwisha kula nusu.

"Iko hadithi yake ya bibi arusi mu tumbo ya zimwi. Utaiandika?"

"Nilikuja juu ya ile! Batu yote banaisema. Anza, papa, nawasha redio."

"Sasa? Na jua hii?"

Kwao mtu hasimulii mchana. Asimuliaye mchana huota mkia.

"Papa, gari yangu inarudi saa kenda, na kesho asubuhi kitabu kinaenda kwa mchapaji. Bila leo, hakuna."

Mzee akapitisha mkono nyuma ya suruali yake. "Na umri huu, mkia nitaficha wapi? Kanisani nitakaa namna gani?"

Pascaline akatazama dirisha, akatazama blanketi kitandani. Alilichukua, akalitundika dirishani, akafunga mlango, akaziba nyufa kwa magunia, akawasha kibatari, kisha redio. Giza likaingia hasa. Kuku mmoja aliyekuwa akiokota makombo alisimama, akafikiri kidogo, akaruka juu ya kitanda na kulala.

"Ona," alisema Zihindula. "Kuku amekubali. Ni usiku."

Akaanza. Alianza vibaya, kwa sauti ya kukwaruza, maana hakuwa msimulizi. Zimwi limekaa njiani. Msafara wa arusi unapita. Zimwi likameza wote: bibi arusi, shangazi, mitungi ya pombe ya kasiksi, na ngoma na mpiga ngoma akiwa bado anapiga! Hapo Zihindula alinguruma mpaka moto wa kibatari ukalala, na Pascaline akamshika mkono kama mtoto.

"Sasa bibi arusi analia mu tumbo," alisema mzee. "Tuimbe bawili. Kwa nguvu, yeye iko mbali ndani."

Wakaimba: *Mama wee, nimeingia nyumba bila mlango! Mama wee, nani atanifungulia?* Wakaimba tena, wakavuta sauti, Pascaline akinogewa hata akapiga mayowe ya kilio.

Nje, jua la saa sita likiwaka, jirani Bukeyeneza alikuwa anasonga nsima. Akasikia kilio. Akatazama: nyumba ya mzee imefungwa, dirisha limezibwa, kama siku ile ya Nabintu. Akatupa mwiko.

"Yoo! Papa Zihindula ametutoka!"

Haukupita muda, mlango ukasukumwa. Aliingia Bukeyeneza akilia, na Norbert, katekista, akiwa na fungu la kuni la matanga kichwani, na nyuma yao akina mama na sufuria. Norbert alikwisha kuanza sala ya wafu alipomwona marehemu ameketi kwenye kigoda, mdomo wazi.

"Yesu! Anakaa!"

"Mi nakaa, ndiyo. Nani amekufa?"

"We!"

"Mi? Na nani aliwaambia?"

"Tulisikia kilio!"

"Ile ni bibi arusi, analia mu tumbo yangu. Funga mlango, mutaingiza muchana! Mi niko zimwi."

Bukeyeneza akaanguka juu ya gunia akicheka, machozi ya kilio hayajakauka. "Uwiii! Nimeacha nsima inaungua, kumbe ni zimwi!"

"Kaeni basi," alisema Pascaline. "Papa, maliza. Batu ya arusi banatokaje?"

Siku zote mwisho uliposimuliwa, Zihindula alikuwa nje akipiga ukuta. Hakuwahi kuusikia hata mara moja.

"Mi sijue," alisema taratibu. Na jina la Nabintu kitabuni likaanza kumponyoka.

"Mimi najua," alisema Bukeyeneza. "Shangazi alichoma tumbo na sindano ya kushonea mikeka."

"Wapi! Ilikuwa nyuki," alisema Norbert. "Balifungua muzinga ndani."

"Balipiga ngoma mpaka tumbo ikapasuka!" mama mwingine akasema.

Wakabishana. Kaseti ilizunguka redioni. Zihindula alisikiliza. Bukeyeneza alifuma mikeka. Norbert alifuga nyuki kwao Fizi. Yule mama aliongoza ngoma kwenye kwaya. Kumbe Nabintu alikuwa anatazama nani ameketi mbele yake, ndipo anamaliza.

Basi mzee akawatazama hawa: kuni, sufuria, mashavu yaliyolowa.

"Nyamazeni," alisema. "Ndugu za bibi arusi balisikia kilio. Balifikiri zimwi imekufa. Balikuya na kuni, na chakula, na padri. Zimwi ikafungua jicho, ikaona batu yote banaililia yenyewe, na iko muzima! Ikacheka."

Akacheka, cheko la zimwi, la kuigiza. Likamponyoka, likawa lake. Mbavu zikamuuma, akashika ukuta, akashuka mpaka chini.

"Ilicheka mpaka... mpaka mudomo ikakataa kufunga. Bote bakatoka na ngoma yao!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kuku akaamka.

Saa kenda ilikuwa karibu. Kabaza, mwendesha baiskeli wa kumpeleka kwenye gari, alingoja mlangoni, mguu kwenye pedali. Pascaline aliandika kwa haraka kwenye karatasi ya kaseti.

"Papa, fungu gani? Ya zimwi au ya wimbo?"

"We chambua. Andika Nabintu."

"Lakini mwisho ni yako."

"Namna ya kumaliza ni yake."

Akaandika. Mzee hakujua kusoma; akaomba aonyeshwe jina, akaweka kidole juu yake, akakiacha hapo.

"Na huyu wa pembeni?"

"Ni we. Nimeandika: Nabintu, na mume wake, zimwi."

Akainama, akachungulia. "Mbona mi niko kadogo hivi? Zimwi ni kitu kubwa!"

Pascaline akakandamiza kalamu, akaliandika neno zimwi upya, likajaa mpaka ukingoni mwa karatasi, akarukia baiskeli.